Tisa Zimeishia Nane: Ujanja wa Mchezo Unageuka Wizi Wapi?

Kijana alikuwa na kete tisa mkononi. Bao lilikuwa limeshaingia kwenye mtaji, hatua ambayo kete zote zimo ubaoni, safu ya mbele ya mzee imejaa, na sisi watazamaji wa baraza ile ya Kikwajuni, mjini Zanzibar, tulikuwa tumeziacha kahawa zetu zikapoa. Akaanza kuzitembeza, mkono mwepesi, kete zile za komwe zikilia moja moja kwenye mashimo. Ya mwisho ikaangukia shimo lenye kete, na mkabala wake, upande wa mzee, palikuwa na shimo lenye kete saba. Akala. Alikuwa anazizoa zile saba akazianzishie kichwani, yaani shimo la mwisho la safu, pale mzee alipoweka kiganja chake juu ya ubao.

"Rejesha, yakhe."

"Nirejeshe nini, mzee?"

"Zilikuwa tisa. Zimeishia shimo la nane."

Mzee hakuzihesabu zilipokuwa zinatembea. Alishazihesabu zamani, zikiwa bado zimelala shimoni, kwa sababu mchezaji wa bao aliyeiva hujichezea mwenyewe na humchezea mwenziwe kichwani kabla mkono haujanyanyuka. Alijua kete ya tisa inakwenda shimo tupu, kijana analala, na zamu inageuka. Tulipotazama vizuri tukaona: shimo moja la nyuma lilikuwa limepokea komwe mbili badala ya moja.

"Zimeteleza," kijana akasema.

Hilo linawezekana. Komwe zile zimeshikwa na mikono ya miaka mingi, ni laini kama kioo. Hakuna aliyebisha. Lakini mtu mzima mmoja aliyekuwa amekaa pembeni, ambaye alasiri nzima hakuwa amesema neno, akamuuliza: "Zilipoteleza, ulizihisi?" Kijana akatazama chini. Kete zikarejeshwa, akalala, mchezo ukaendelea. Ubishi nao ukaendelea mpaka adhana ya magharibi.

Baraza liligawika. Wengine walisema mchezo ni kuangaliana: kama mzee asingeona, bao lilikuwa halali, na kazi ya kuona ni ya mpinzani. Wengine walisema ule ni wizi tu. Wengi tulikuwa katikati, tukihisi kuna tofauti baina ya ujanja na wizi lakini tukishindwa kuitaja iko wapi. Nimekuwa nikilibeba swali hili tangu siku ile, nalo si la bao peke yake.

Sehemu ya tatizo iko kwenye neno letu lenyewe. "Ujanja" linabeba mizigo miwili. Tunamsifu mshambuliaji kwa ujanja akimhadaa beki, aonyeshe kulia apite kushoto. Kisha tunamlaani kwa neno hilo hilo akijiangusha ndani ya eneo la hatari. Wote wawili wamehadaa. Ukisema kwamba udanganyifu ni kumhadaa mpinzani, umeharamisha nusu ya kandanda na bao zima, maana mchezaji wa bao huanzia kichwa hiki huku nia yake iko kichwa kile. Na ukisema udanganyifu ni kuvunja kanuni, utakwama vilevile. Beki anayemkwatua mtu katikati ya uwanja amevunja kanuni mbele ya uwanja mzima, refa kapiga filimbi, mpira umetengwa, na hakuna anayemwita mwizi.

Mimi naona mstari unapita mahali pengine. Mchezo unakuruhusu kuficha utakalolifanya. Kuficha ulilolifanya haukuruhusu.

Nia ni mali ya mchezaji. Nikijua wewe utapiga kona fupi, hakuna tena kona. Nikijua kete zako zinaelekea wapi tangu mwanzo hadi mwisho, tukunje ubao twende nyumbani. Lakini kilichokwisha kutendeka ni mali yetu sote wawili, kwa sababu juu yake ndipo kila mmoja anapojenga hatua yake inayofuata. Yule mzee, kama kiganja chake kingechelewa, angeendelea kuumiza kichwa juu ya ubao wenye kete 64 zilizokaa mahali ambapo kanuni haikuziweka. Angedhani anacheza bao na kijana, kumbe hachezi na mtu.

Ndiyo maana lile swali la kuzihisi lilikuwa zito kuliko maneno yote tuliyoyasema sisi. Komwe kuteleza ni bahati mbaya. Kuhisi zimeteleza, ukanyamaza, ukala kwa kuteleza kule, hapo ndipo ajali inapogeuka kitendo chako.

Mfano unaojulikana dunia nzima ni wa tarehe 22 Juni 1986, Uwanja wa Azteca, Mexico, robo fainali ya Kombe la Dunia baina ya Argentina na Uingereza. Diego Maradona aliruka na kipa Peter Shilton, akausukuma mpira wavuni kwa mkono. Refa, Ali Bennaceur wa Tunisia, hakuona mkono, akakubali goli. Watu hubishana juu ya mkono ule hadi leo, na mimi mkono haunisumbui sana, mikono hunyanyuka wakati mtu anaruka. Kinachonikalia moyoni ni kilichofuata. Maradona mwenyewe alisimulia baadaye kwamba aliwaita wenzake waje kumkumbatia, kwa sababu wasipokuja refa angelikataa goli. Kukumbatiana kule ndiko kulikokuwa udanganyifu, maana kulifunika jambo lililokwisha kutendeka. Dakika chache baadaye akawapita Waingereza mmoja baada ya mwingine na kufunga goli ambalo kila hatua yake ilikuwa hadaa, na kila mtu uwanjani aliona kila hatua. Mtu yule yule, mechi ile ile, aina zote mbili za ujanja.

Sasa mtazame Miroslav Klose. Septemba 2012 alikuwa akiichezea Lazio dhidi ya Napoli. Mpira wa kona ukaja, ukamgonga mkono, ukaingia. Refa akakubali goli. Klose akamwendea akamwambia kwamba ni mkono, goli likafutwa, na Lazio wakafungwa 3–0. Miaka mitatu kabla yake, Novemba 2009, Thierry Henry aliutuliza mpira kwa mkono, akampasia mwenzake, Ufaransa ikafunga, na Jamhuri ya Ireland ikakosa Kombe la Dunia. Henry naye alikiri, ila alikiri mechi ikiwa imekwisha. Mikono yote miwili iligusa mpira. Mmoja alisema wakati kusema kulikuwa kunamgharimu.

Hapa wale wa upande wa kwanza pale barazani watarudi na hoja yao: kuona ni kazi ya refa, mchezaji kazi yake ni kucheza. Hoja hii ina nguvu kwenye kandanda kwa sababu tumezoea refa. Lakini refa kaja baadaye. Zamani Uingereza manahodha ndio waliokubaliana wenyewe, kisha kila timu ikaleta mwamuzi wake, na ni mwaka 1891 ndipo refa alipoingizwa ndani ya uwanja na kupewa neno la mwisho. Aliletwa kwa sababu wachezaji walishindwa kuaminiana. Yeye ni dawa ya ugonjwa, na dawa kuwepo hakuufanyi ugonjwa kuwa halali. Kwenye bao na karata za barazani hadi leo hakuna refa, ni nyinyi na macho ya baraza, na michezo hiyo inakwenda.

Naja sasa kwenye mfano ulionitesa zaidi, kwa sababu hapa moyo wangu unakwenda njia moja na hoja yangu inakwenda nyingine.

Tarehe 2 Julai 2010 nilikuwa Ng'ambo, huku huku mjini Zanzibar, televisheni imetolewa nje, waya umepitishwa dirishani, watu wamejaa uchochoro mzima. Ghana na Uruguay, robo fainali, Johannesburg. Mechi ilianza saa tatu unusu usiku kwa saa zetu. Ikafika dakika za nyongeza, sare ya 1–1, na sekunde za mwisho kabisa Ghana wakapata mpira wa adhabu. Kukawa na vurumai golini, Dominic Adiyiah akapiga kichwa, mpira unaingia, na Luis Suárez, amesimama juu ya mstari, akaupangua kwa mikono miwili kama kipa. Kadi nyekundu. Penalti. Asamoah Gyan akapiga, mpira ukagonga mwamba wa juu. Wakaenda kwenye mikwaju, Uruguay wakashinda 4–2. Ghana ingekuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali. Uchochoro wetu ulikaa kimya kiasi kwamba tulisikia mawimbi ya mtangazaji yakikoroma kwenye spika, na mwanamke mmoja mtu mzima aliyekuwa nyuma yetu akalia kwa sauti. Neno lililosemwa usiku ule na kila mdomo lilikuwa "mwizi".

Lakini Suárez alificha nini? Hakuficha kitu. Refa aliona, sisi Ng'ambo tuliona. Alichukua adhabu yake yote: alitolewa nje, timu yake ikapigiwa penalti, na hakucheza nusu fainali. Kanuni iliweka bei, naye akailipa papo hapo. Hasira yetu ilikuwa ya haki kabisa, ila tuliielekeza pasipostahili. Bei ndiyo iliyokuwa ndogo. Goli ambalo lilikuwa linaingia liligeuzwa kuwa nafasi ya kufunga goli, na nafasi si goli, muulize Gyan.

Michezo mingine ililiona tundu hili na kuliziba. Katika mpira wa kikapu, ukiuzuia mpira kinyume cha kanuni wakati umeshaanza kushuka kuelekea kikapuni, pointi zinahesabiwa kana kwamba umeingia. Katika raga, refa akiona rafu imezuia alama iliyokuwa ya hakika, anaitoa alama yenyewe. Kandanda imekuwa ikipandisha bei kidogo kidogo. Februari 1891, robo fainali ya Kombe la FA, mchezaji wa Notts County aliuzuia mpira kwa mkono juu ya mstari dhidi ya Stoke. Wakati ule hapakuwa na penalti, Stoke walipewa mpira wa adhabu karibu na mstari, kipa akauziba, wakafungwa 1–0. Juni mwaka huo huo penalti ikapitishwa kuwa sheria. Kwa hiyo lile lililotokea Johannesburg lilishatokea miaka 119 kabla yake, na mara ile waliotunga kanuni walisikia.

Kuna aina moja ya uvunjaji wa wazi ambayo siwezi kuitetea kwa hoja hii ya bei, nayo ni rafu inayovunja mguu wa mtu. Mguu hauna bei. Sina zaidi la kusema hapo.

Vipi basi pale ambapo kanuni haikuvunjwa kabisa, imepindishwa tu? Kisa kizuri kuliko vyote ninavyovijua ni cha Januari 1994, mechi ya kufuzu Kombe la Karibiani baina ya Barbados na Grenada. Barbados walihitaji ushindi wa magoli mawili ili wasonge mbele. Waandaaji walikuwa wameweka kanuni ya ajabu: mechi ikimalizika sare inakwenda dakika za nyongeza, na goli la kwanza litakalofungwa humo linamaliza mechi na linahesabiwa mawili. Barbados wakaongoza 2–0. Zikiwa zimebaki dakika chache, Grenada wakapata moja, ikawa 2–1, na matokeo hayo yaliwatosha Grenada. Barbados wakajaribu kufunga, wakashindwa, kisha wakafanya hesabu. Tukijifunga wenyewe ni 2–2, tunakwenda nyongeza, na goli moja kule ni mawili. Wakajifunga. Grenada wakang'amua, wakaanza kutafuta goli popote, kwa sababu kufungwa 3–2 kungewavusha sawasawa na kushinda. Kwa dakika zilizobaki Barbados walilinda magoli yote mawili, la kwao na la wapinzani. Mechi ikaenda nyongeza, Barbados wakafunga, ikaandikwa 4–2, wakasonga mbele.

Ukimuuliza mtu wa kawaida atasema walidanganya, kwa kuwa jambo lenyewe linachukiza macho. Mimi nasema hapana. Kila kitu kilifanyika hadharani, wapinzani walielewa mara moja, wakajibu, na watu 22 wakaendelea kupambana kwa jasho. Ulikuwa mchezo mwingine, wa kichaa, lakini ulichezwa. Aibu ni ya waliotunga kanuni ile.

Linganisha na London 2012, Michezo ya Olimpiki, mpira wa vinyoya. Jozi nne za wanawake, mbili za Korea Kusini, moja ya China na moja ya Indonesia, ziliingia uwanjani zikiwa zimeshafuzu, na kila moja ilitaka kushindwa ili ipate mpangilio nafuu hatua zinazofuata. Wakawa wanaanzisha mipira kwenye wavu makusudi. Watazamaji wakazomea. Wachezaji wote wanane wakaondolewa mashindanoni.

Mtu anaweza kusema ni yale yale ya Barbados: kanuni mbovu, watu wakaitumia. Kwa nini hawa nawaona wamekosea na wale sivyo? Marehemu Bernard Suits, mwanafalsafa aliyefundisha Kanada, alieleza kwamba kucheza ni kukubali kwa hiari vikwazo visivyo vya lazima. Ukitaka kete za mwenzio tu, nyoosha mkono uzizoe. Umekubali kuzipata kwa njia ndefu, shimo kwa shimo, kwa sababu njia ndefu ndiyo mchezo. Barbados walibaki kwenye njia ndefu, walikimbia na kukaba hadi mwisho. Wale wanane walitoka njiani huku wakijifanya bado wanatembea. Walipiga, wakakosa, wakashika raketi kama watu wanaoshindana. Waliloficha ni kwamba hapakuwa na mechi, na hilo ni jambo lililokuwa likitendeka, si nia ya baadaye.

Kujiangusha nako kunaingia hapa moja kwa moja, ni kutunga tukio ambalo halikutokea. Kipa anayelala chini akishika goti zima, vilevile. Ila kipa anayekaa na mpira mikononi huku kila mtu akimtazama hafichi kitu, anachukua muda aliouachiwa, na dawa yake ni kanuni: tangu msimu wa 2025/26 akizidisha sekunde 8 wapinzani wanapata kona. Zamani zilikuwa sekunde 6 na marefa karibu wote waliziachia zipite.

Nimejaribu kipimo hiki kwenye jambo la kwetu, mamluki wa mechi za mtaani. Timu ya mtaa inafika fainali ya ng'ombe au ya mbuzi, na asubuhi ya mechi anashuka mtu bandarini, anacheza ligi, hata shehia yetu haijui. Ni udanganyifu? Nauliza: jina lake liliandikwa kwenye fomu jina lake la kweli? Wapinzani waliiona fomu kabla ya mechi? Kama ndiyo, na kanuni ya mashindano haikumkataza, basi tulalamike kwa waandaaji na mwakani nasi tuite wetu. Kama kavaa jezi ya kijana wa mtaa na kaitwa kwa jina la kijana wa mtaa, hilo ni jambo la yule aliyetembeza tisa zikaishia nane. Mwenyewe nimeshawahi kushangilia timu iliyofanya hivyo. Tulishinda, tukala pilau, na mpaka leo nikikutana na mchezaji mmoja wa timu ile iliyofungwa natafuta pa kutazama.

Nilipowaeleza haya watu wa baraza, jambo walilolishika zaidi ni moja ambalo mimi nilikuwa nimelipita haraka. Nilitaja wahedi wa sitini, mchezo wetu wa karata, ambapo tunacheza wawili kwa wawili na anayefika 61 kashinda. Kuna mabaraza ambayo mtu akimpa mwenziwe ishara kwamba ana ree (karata ya A) ya turufu, karata zinatupwa chini na ugomvi unazuka. Kuna mengine ishara ni sehemu ya ustadi, na asiyezijua ndiye anayechekwa. Kitendo kimoja, jicho lile lile, halali kwa mtaa huu na haramu kwa mtaa ule, na hakuna kitabu cha kuamua.

Wiki iliyofuata alikuja mgeni kutoka Wete, Pemba, akakaribishwa kukaa wa nne. Karata zilipokuwa zinachanganywa akauliza: "Kwenu mnakonyezana?"

"Tunakonyezana," mzee yule yule wa bao akamjibu, "lakini kwa macho tu. Ulimi mwiko, na kugusana miguu mwiko."

Mgeni akafikiri. Akauliza kama nyusi zinahesabiwa kuwa ni macho. Likazuka jadala, wengine wakisema nyusi ni macho, wengine wakisema nyusi ni uso, na karata zikakaa juu ya mkeka bila kugawiwa mpaka wote wanne walipokubaliana kwamba nyusi hapana.